Pima Shingo Yako kwa Futi Kamba: Mwongozo wa Fundi Mwenye Kipandauso Sugu

Kaa kwenye kiti, tazama mbele, kisha fumba macho. Geuza kichwa kulia taratibu mpaka pale shingo inapokubali, halafu kirudishe palepale ulipoanzia. Ukifumbua utajiona uko sawa, na hapo ndipo unapodanganyika, maana macho huiweka shingo sawa kabla mwenyewe hujatambua kwamba ilikuwa imepotoka. Ndiyo sababu kazi hii inataka futi kamba, ukuta na mtu wa kukuwekea alama.

Mie ni fundi cherehani hapa Ujiji. Nashona vitenge, sare za shule na, Idi ikikaribia, kanzu na madera ya mtaa mzima. Kipandauso kilinianza usichanani, na baada ya uzazi wa pili kikageuka sugu. Sugu kwa hesabu ya madaktari ni kichwa kuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na katika siku hizo zisizopungua 8 ziwe na sura ya kipandauso chenyewe: kupwita upande mmoja, kichefuchefu, kuukimbia mwanga na kelele. Haya ya shingo nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nami nikayatengenezea vifaa vya kifundi. Wateja wanaokuja kujaribu nguo huiulizia ile karatasi yenye duara iliyoko ukutani, na nimechoka kueleza nusunusu nikiwa na pini mdomoni.

Tuanze na kwa nini shingo. Chini kabisa ya fuvu, kisogoni, kuna misuli midogo ambayo imejaa vihisi vya mvuto kwa wingi usio wa kawaida mwilini. Kazi ya vihisi hivyo ni kuupa ubongo habari: kichwa kimeinama kiasi gani, kimegeukia wapi. Ubongo unachukua habari hiyo, unaiweka pamoja na ya macho na ya sikio la ndani, ndipo unajua umesimama wima au umeyumba. Zikipingana, mtu anahisi kama sakafu imesogea, au anakosa uhakika akigeuka haraka, na shingo inajikaza ili isipotee zaidi. Wenzangu wa kazi ya kuinama mnalijua hilo: unainua kichwa kutoka kwenye sindano baada ya saa nzima, na kwa dakika kadhaa kichwa hakina mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba neva tatu za juu za shingo huingia mahali pamoja na neva inayobeba hisia za uso na za utando wa ubongo, pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo. Zikishachanganyika hapo, ubongo haujui vizuri maumivu yametoka wapi. Shingo ikiumia unaweza kusikia nyuma ya jicho, na kipandauso kikianza unaweza kukisikia shingoni kwanza. Kwa hiyo, shoga yangu, shingo kukakamaa saa chache kabla ya kichwa kulipuka si ushahidi kwamba shingo ndiyo mchawi. Mara nyingi ni kipandauso chenyewe kimeshaanza, kimepitia mlango wa nyuma.

Nalisema mapema kwa sababu wapo watakaokuuzia mazoezi ya shingo kama tiba ya kipandauso. Siyo. Watafiti waliowapima wenye kipandauso hawakupata jibu moja: wengine waliona shingo zao zinakosea kurudi katikati, wengine wakaona ziko sawa na za watu wazima wa afya. Ndiyo maana nakwambia upime yako kabla ya kufanya chochote. Kama iko sawa, umeokoa muda, ukashughulike na usingizi na dawa. Kama imepotoka, mazoezi yanaweza kukupunguzia kuyumba na ule mkazo wa shingo. Yangu ndivyo yalivyonisaidia. Vichwa bado vinakuja.

Nani asianze

Huku kwetu Kigoma, homa na kichwa ni malaria mpaka kipimo kikatae, kwa hiyo pima kwanza. Homa pamoja na shingo kukaza hata kidevu hakifiki kifuani ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kichwa kilichopasuka ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kugoma, kuona vitu viwiliviwili, kumeza kwa shida. Mjamzito mwenye kichwa kikali akapimwe presha. Aliyeanguka, au aliyegongwa na bodaboda, asiguse mazoezi ya shingo mpaka daktari amwone. Na mwenye miaka zaidi ya 50 ambaye hajawahi kuumwa hivi, kisha kichwa kikaanza, naye aende, asijiite mwenye kipandauso.

Wengine wote: pima siku kichwa kimetulia. Siku ya shambulio shingo haina lake, utapima maumivu tu.

Vifaa

Tochi ya leza, zile fupi za kuning'iniza kwenye funguo. Wachuuzi wa Mwanga, hapa Kigoma, huziuza pamoja na chaja na vibiriti vya gesi. Kitufe chake hukaa kimebonyezwa ukikizungushia mpira wa kufungia pesa. Kisha lastiki pana, kama ya kiuno cha sketi, ushone mkanda wa kuvaa kichwani usiobana. Hapa sikilizeni: mkanda ukibana, mwenye kipandauso ataumwa na mkanda kabla hajaumwa na kingine. Uache nafasi ya kidole. Upande mmoja, juu ya sikio, shona kamfuko kembamba ka kuingizia tochi, kakae kwa ubapa, kaelekee mbele. Kama mwanga wa leza unakuchokoza, chukua tochi ndogo ya kawaida, uizibe kwa karatasi ngumu yenye tundu. Nukta itakuwa pana kidogo lakini inafaa.

Kwenye karatasi kubwa chora msalaba katikati, na kwa pini na uzi uzungushe duara mbili: ya ndani iwe na sentimita 4.7 kutoka katikati mpaka ukingoni, ya nje sentimita 7. Kiti kiwe cha miguu minne, chenye mgongo, kisichozunguka. Pima kwa futi kamba sentimita 90 kutoka paji la uso mpaka ukutani, uweke alama ya chaki sakafuni miguu ya kiti inapokaa, ili siku nyingine usihangaike.

Namba hizo hazikutoka kichwani mwangu. Mwaka 1991 Ufaransa, mtafiti Revel na wenzake waliwavisha watu kofia yenye taa, wakawakalisha sentimita 90 kutoka kwenye shabaha na kuwafumba macho. Walikuwa wakishughulika na wenye maumivu ya shingo, wala si kipandauso. Mpaka waliouweka kutenganisha shingo inayojua ilipo na isiyojua ni digrii 4.5, na digrii 4.5 kwa umbali wa sentimita 90 zinaangukia sentimita 7 ukutani. Duara ya ndani ni digrii 3. Kama chumba chako ni kidogo kama vibanda vyetu vya sokoni, kaa sentimita 60, duara ya nje iwe 4.7 na ya ndani 3.1. Hesabu ni ileile.

Leza si ya kuchezea. Usiitazame, usimmulike mtu usoni, watoto watoke nje, na ukuta usiwe na kioo wala picha yenye kioo, kwa sababu mwanga hurudi. Karatasi yangu iko ukuta wa pili, mbali na kioo cha wateja, kwa ajili hiyo. Anayeweka alama asimame pembeni, auelekee ukuta na kukupa mgongo wewe.

Kupima

Mie hupimwa na binti anayejifunza ushonaji kwangu. Ana mkono mtulivu, na la muhimu zaidi, anajua kunyamaza.

Kaa, mgongo ukiegemea, nyayo zote chini, mikono mapajani. Tazama mbele kama unavyotazama ukiwa huna habari na mtu. Hapo msaidizi ndiye anayesogeza karatasi mpaka msalaba uangukie kwenye nukta ya mwanga, kisha anaibandika. Karatasi ndiyo inayofuata shingo. Ukifanya kinyume, yaani ukajipinda wewe kuifuata karatasi, unakuwa umepima kitu kingine.

Bandika macho yako pale katikati kwa sekunde chache, uisikilize shingo ilivyokaa. Funga kitambaa machoni. Geuza kichwa kulia polepole, uende mpaka karibu na mwisho bila kulazimisha, urudi. Unapoamini umefika katikati, simama na useme "hapa". Msaidizi anaweka alama ya kalamu kwenye nukta, anaandika 1 pembeni yake, basi. Asigune wala kucheka, na neno "karibu ufike, mama" asilitamke kamwe. Binti yangu mwanzoni alikuwa akinionea huruma: "Mama, kidogo tu kushoto!" Ukiambiwa hivyo shingo inaanza kufuata sauti, na kipimo kimekwisha. Akishaweka alama, akurudishe kichwa kwenye msalaba kwa mikono miwili, taratibu, macho yako yakiwa bado yamefungwa. Ndipo ya pili.

Fanya mara sita kulia, upumzike, mara sita kushoto, upumzike tena, kisha juu na chini. Wengi wetu hukatisha baada ya mara mbili kwa sababu kazi inangoja. Mara mbili haitoshi, kwa kuwa shingo ileile inaweza kupatia mara moja kwa bahati. Ukisikia kizunguzungu, acha kwenda juu, na siku hiyo uishie kulia na kushoto.

Sasa futi kamba. Pima kila alama iko mbali kiasi gani na msalaba, bila kujali imeangukia upande gani. Tuseme upande wa kulia umepata 4, 9, 6, 8, 7 na 5. Jumla ni 39, gawa kwa 6, wastani ni sentimita 6.5. Umo ndani ya duara ya nje, ingawa si kwa raha. Alama ya sentimita 4 kushoto na nyingine ya sentimita 4 kulia hazifutani. Zote mbili ni makosa ya 4.

Wastani ukizidi duara ya nje, yaani 7 kwa aliyekaa sentimita 90, kwa upande wowote, shingo yako ina la kufanyia kazi. Ukiwa ndani ya duara ya ndani pande zote, funga karatasi, sifu Mungu, uruke mpaka kwenye habari ya vidonge huko chini.

Kuna kitu wastani haukuonyeshi, na fundi anakiona kwa jicho. Alama zikijikusanya zote mahali pamoja nje ya msalaba, kwanza kagua kama mkanda uliteleza au kiti kilisogea. Kama vifaa viko sawa, basi shingo yako ina katikati yake yenyewe, imehamia pembeni, na mara nyingi ni upande ule unaouelekea kazini. Mie kitambaa kinanipitia kushoto, na kushoto ndiko alama zangu zilikokuwa zikilala. Zikitawanyika kila upande, hilo ni jingine: shingo haina katikati yoyote inayoiamini. Na ukipita msalaba kila mara, badala ya kuishia njiani, liandike hilo pia, mtaalamu atalitaka.

Mazoezi

Tofauti ya mazoezi na kipimo ni kwamba hapa unaruhusiwa kuona kosa lako. Vaa mkanda, kaa kwenye alama zako za chaki. Macho yakiwa wazi, peleka nukta kulia polepole, irudishe kwenye msalaba. Ukishalizoea, fumba macho, nenda na urudi, sema "hapa", kisha fumbua na utazame. Umekosa kwa vidole vitatu? Usiruke kusahihisha. Kaa palepale kidogo, uisikilize shingo ikiwa imekosea, ndipo uisogeze mpaka kwenye msalaba na uisikilize tena ikiwa imepatia. Hapo ndipo inapojifunza. Anayekimbilia kuhesabu mara ngapi amefanya hupata jasho bila faida. Mara tano kila upande, kwa utulivu, zinatosha kwa mkao mmoja.

Baada ya wiki moja au mbili, mistari. Hili ndilo ninalolipenda. Badala ya duara, bandika ukutani karatasi uliyochora mstari mnene, ufuate mstari huo kwa nukta ya mwanga, kichwa ndicho kinachotembea, macho yakifuata. Mtaalamu alinipa namba nane ya kulala. Mie nikabandika karatasi zangu za kukatia: mkunjo wa kwapa, kola ya shati, na shingo ya gauni, ambayo ilimfanya binti acheke mpaka akakaa chini, kwamba mama anashona shingo kwa shingo. Cheka, lakini kola ni mtihani mzuri kweli. Ina mstari mrefu ulionyooka, kisha kona, kisha mviringo mdogo, na kwenye kona ndiko nukta inakotoka njiani. Tembea polepole kama unavyokata kitambaa ambacho huna cha akiba. Ukiona nukta inarukaruka, umeshachoka, pumzisha. Dakika mbili au tatu, asubuhi na jioni, kisha acha.

Macho nayo yanataka kuzoezwa kutembea peke yake. Andika herufi moja kubwa ukutani, iangalie, geuza kichwa kulia na kushoto kidogo, herufi isitikisike. Kisha kinyume chake: kichwa kitulie, macho yatoke kwenye herufi moja kwenda nyingine. Kwa mwenye kipandauso hili ndilo zoezi chokozi kuliko yote, hasa la kwanza, kwa kuwa linagusa sikio la ndani pia. Anza na nusu dakika, tena mwendo wa pole. Kichefuchefu kikija kidogo na kuondoka baada ya dakika chache ukiwa umekaa, unaweza kuendelea kesho. Kikikaa nawe mpaka jioni, punguza nusu. Ukiona vimulimuli au mistari ya mwanga, acha kabisa, hilo ni shambulio linabisha hodi.

La mwisho ni la misuli ya ndani ya mbele ya shingo, inayolala karibu na mfupa. Lala chali, khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, magoti yamekunjwa. Itikia "ndiyo" kwa kidevu, kidogo sana, kama mtu anayekubali bei bila kutaka mwenzake aone. Kichwa kisinyanyuke kutoka kwenye khanga. Weka vidole mbele ya shingo: ile misuli minene ya pembeni isikakamae. Shikilia sekunde 10, legeza, na polepole kwa majuma ufikie mara kumi. Ukianza na mara tatu hakuna anayekucheka.

Ukiyaweza haya yote ukiwa umekaa, yafanye ukiwa umesimama, na baadaye ukiwa umesimama juu ya godoro lililokunjwa, karibu na ukuta wa kushika.

Vinavyoharibu kazi

Ndugu zangu wa kiume, kinyozi akishamaliza kunyoa akaanza kukukanda mabega, mshukuru. Akishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, mwambie "hapo basi, kaka". Ule mlio wa *ka!* mnaoupenda hauirudishi shingo popote, na kuipinda ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini ikitokea ni kiharusi. Sisi wanawake tuna yetu: beseni la saluni lililokata kisogo, kichwa kimening'inia nyuma wakati dada anapiga stori. Omba taulo likunjwe liwekwe chini ya shingo, au uoshwe umeinama mbele. Na kusukwa ukiwa umekaa chini, kichwa katikati ya magoti ya msusi kikivutwa huku na huku mchana kutwa, kugawanywe siku mbili. Rasta nzito zinaweza kumwanzishia mtu kichwa hata asiye na kipandauso.

Ndoo ya maji kichwani sitaikataza, nani ataleta maji? Lakini siku kichwa kinapwita, na siku mbili zinazofuata, mtume mwingine au beba kwa madumu madogo mawili mikononi. Siku nyingine ngata iwe nene na ikae katikati, na usigeuze shingo kumjibu mtu ukiwa na mzigo. Geuka mwili mzima.

Kwenye cherehani, tatizo ni ufupi wa meza, si cherehani yenyewe. Nimeinua yangu kwa vipande vya mbao mpaka sindano ikaja karibu na macho, na nimegeuza kiti ili mwanga wa ziwani, ule wa saa tisa alasiri unaomeremeta kama bati jipya, unijie kisogoni. Kila bobini ikiisha nasimama. Bobini huisha yenyewe, haihitaji kengele.

Vidonge na daftari

Hapa nakwenda haraka, lakini ndipo penye uzito kwa walio sugu. Andika kwenye daftari siku kichwa kilipouma na siku ulipomeza dawa ya maumivu. Panado au diklofenaki zikifika siku 15 kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini zikifika siku 10, kwa miezi mitatu na zaidi, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuletea kichwa. Hakuna zoezi la shingo litakaloshinda hilo. Mwone daktari, zipo dawa za kuzuia zinazomezwa kila siku, kama propranolol na amitriptyline, na zipo za bei ya kawaida. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya propranolol.

Ramadhani ina hesabu yake. Oda za Idi zinapanda, daku linaliwa usiku wa manane, chai ya asubuhi imekatwa ghafla, maji hakuna. Mie hupunguza chai wiki moja kabla ya mwezi kuandama, na mazoezi ya shingo nayafanya baada ya kufuturu tu. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Zungumza na daktari na shehe wako, usijiamulie kishujaa.

Baada ya wiki nne mpaka sita za mazoezi, pima upya. Kiti kilekile, alama zilezile za chaki, saa ileile ya siku, karatasi mpya. Sentimita moja ya tofauti isikufurahishe wala kukuhuzunisha, shingo ya asubuhi na ya jioni hutofautiana hivyo. Kama wastani umeshuka chini ya 7 na huyumbi tena ukigeuka, endelea na mistari siku chache kwa wiki. Kama haujashuka, au shingo inauma zaidi kuliko ulivyoanza, acha na uende kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwetu ni Maweni, na kwa walio Tabora ni Kitete. Zikunje karatasi zote mbili uende nazo pamoja na daftari, na hakikisha kila karatasi ina tarehe, umbali wa kiti, na kalamu ya rangi tofauti kwa kulia na kushoto, maana mtaalamu hatakuwa na muda wa kukuuliza ipi ni ipi.